Siku Tisini

Kwa miaka kumi na mitatu Agapiti alikuwa mtunza stoo wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nje kidogo ya mji wa Geita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza Kiingereza chake kikoje. Waliuliza mambo mengine. Waliuliza kama mchele utafika mwisho wa mwezi, na ulifika. Gunia lililopunjwa alilijua kwa kulisukuma kwa goti. Samaki aliyelala siku tatu kwenye barafu alimjua kwa jicho, na ukimletea tenga la nyanya lililopambwa juu, yeye alianza kulipakua kutoka chini, taratibu, bila kukutukana, mpaka wewe mwenyewe uone haya. Kwao ni Ushirombo. Kidato cha nne alimaliza, hesabu akafaulu vizuri, Kiingereza akakiacha mlemle darasani.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kampuni iliyokuwa ikilisha kambi ilipoteza zabuni. Ikaja nyingine, ya wageni, na sare mpya, masufuria mapya, na kompyuta kila kona. Wafanyakazi wa zamani wakaitwa kwenye ukumbi wa kulia chakula. Eustace, afisa utumishi, kijana wa sauti ya chini asiyependa kumkwaza mtu, akawaeleza kwamba kazi zao zipo, ila kuna jambo dogo. Kila ambaye mkono wake unagusa malipo, yaani watu wa uhasibu, wa kupokea mizigo na wa stoo, atafanya mtihani wa Kiingereza cha biashara katikati ya mwezi wa nne. Alama sitini kwa mia. Asiyezifikisha, mkataba wake hautaendelea.

Agapiti alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Anisia alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za kwaya, na hakusimamisha mguu. Akasema mtu aliyejifunza pikipiki akiwa na miaka arobaini hashindwi na maneno. Lakini usiku ule hakula vizuri, na Agapiti aliona. Binti yao Noela alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Shinyanga. Hapakuwa na mshahara mwingine wa kutegemea.

Siku tatu baadaye Eustace alimfuata stoo na bunda la karatasi. Mikataba mipya ya wazabuni, wale wanaoleta nyama, mboga na samaki. Kurasa kumi na mbili, Kiingereza kitupu, na kila mmoja awe amesaini kabla ya Ijumaa, la sivyo jina lake halitaingia kwenye mfumo. Eustace hakuficha kwa nini amemletea yeye. Wale watu wanakuamini, alisema. Agapiti akauliza humo ndani kuna nini.

"Mambo ya kawaida tu," Eustace akajibu. "Bei, ubora, malipo. Si unasoma wewe?"

Na Agapiti, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa ameambiwa kwamba ugali wake umo ndani ya kusoma, akasema ndiyo, anasoma.

Bujiku wa ng'ombe alisaini juu ya boneti ya gari lake, akicheka, akisema yeye hata angepewa hati ya kuoa angesaini. Paskazia wa mboga alisaini getini, mzigo ukiwa bado kichwani mwa kibarua. Akabaki Mwanaima wa Nkome, na huyo Agapiti alimfuata mwenyewe mpaka mwaloni, ufukweni mwa ziwa ambako samaki hushushwa.

Mwanaima alikuwa mjane anayekaribia sitini. Alikuwa na mtumbwi mmoja wenye mashine, uliokuwa ukizunguka visiwani kukusanya sangara na sato kwa wavuvi, na mara mbili kwa wiki samaki hao walifika kambini wakiwa kwenye barafu. Walijuana naye tangu mwaka wa pili wa Agapiti kazini. Walipomzika mama yake Agapiti kule Ushirombo, Mwanaima alifika na gunia la dagaa, akakaa siku tatu akipika na wanawake wa nyumba, na saa zake za swala zilipofika alitandikiwa mkeka nyuma ya jiko, watoto wakinyamazishwa. Kwa hiyo aliposhikwa mkono pale mwaloni, katikati ya wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani, hakuna aliyeona ajabu.

Agapiti alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akatoa karatasi. Mwanaima alifuta mikono kwenye kanga, akapekua kurasa zote kumi na mbili, moja moja, kama anayetafuta kitu kilichofichwa katikati yake.

"Hiki si kisomo changu," alisema. "Wewe umeisoma, baba Noela?"

"Nimeisoma, mama."

"Malipo ni kama zamani?"

Zamani ilikuwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, bila kukosa. "Kama zamani," Agapiti akasema.

Mwanaima akaandika jina lake herufi kwa herufi, kwa mwandiko aliofundishwa kwenye darasa la watu wazima, na kabla hajaondoka akamfungia sato wawili wa kwenda kumpikia Anisia.

Masomo yalianza mwezi wa pili. Aliyemfundisha alikuwa Suzana, karani wa uhasibu, binti wa Ngokolo pale Shinyanga mjini, mwenye diploma na miaka ishirini na sita. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Yeye Kiingereza alikuwa nacho, lakini mizigo yenyewe hakuwahi kuishika. Aliweza kukwambia kwa ufasaha maana ya hati ya kupunguza deni, ila hakujua kwamba hati hiyo huanzia getini, pale kabichi zilizooza zinaporudishwa kwenye gari na dereva anakataa kuzipokea. Basi saa ya chakula cha mchana walikaa juu ya ndoo za mafuta katikati ya magunia, wakiwa na kitabu alichokitoa kopi kwenye steshenari ya mjini, sura ya saba, malipo. Yeye anampa neno, Agapiti anampa kisa chake.

Kulikuwa na vicheko. Neno "outstanding" Agapiti alikuwa akiliona kila siku kwenye bango la ukumbini, likiwasifu wafanyakazi bora wa mwezi. Kwa hiyo alipokuta ankara imeitwa hivyo akatafsiri kwamba ni ankara iliyofanya vizuri kuliko zote. Suzana alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akamweleza kwamba ni deni ambalo halijalipwa. Agapiti akatikisa kichwa. Lugha gani hii, akasema, inamsifu mtu na kumdai kwa neno moja.

Lakini maneno yalikuwa yakiingia. Aliyaandika nyuma ya kadi za stoo akayasoma akiwa kwenye pikipiki, midomo ikicheza ndani ya kofia ngumu. Ilipofika katikati ya mwezi wa tatu alikuwa anafanya zoezi zima la malipo na kukosa mawili tu. Anisia alimsikia bafuni akijisemea kwamba malipo yamechelewa, kwamba malipo yametimia, kwamba malipo yamezuiwa, yote kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akaimba kwenye cherehani.

Wakati huohuo simu za Nkome zilikuwa zimeanza. Mwanaima hakuwa mtu wa kulalamika. Alipiga mwishoni mwa mwezi wa pili kuuliza hali ya nyumbani, halafu akauliza kama Ijumaa imesahaulika. Akapiga tena wiki mbili baadaye. Agapiti alimjibu kwa moyo safi kwamba mfumo ni mpya, kompyuta zinasumbua, avumilie. Bujiku na Paskazia nao aliwajibu vivyo hivyo. Aliamini alichokisema.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu Suzana alisema kitabu sasa wamekimaliza, wasome karatasi za kweli. Agapiti akafungua kabati, akatoa ya kwanza iliyomjia mkononi. Ilikuwa nakala ya mkataba wa Mwanaima. Wakaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa saba, penye malipo, na Suzana akamwachia asome peke yake.

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. "Net ninety days." Neti aliijua, ilikuwa zoezi la tatu. Siku tisini. Na si tangu samaki aliposhushwa, ila tangu ankara ilipokubaliwa na mfumo. Akaendelea. Mzabuni "waives", neno ambalo mwanzoni alidhani ni kupunga mkono, mpaka Suzana alipomsahihisha kwamba ni mtu kuiachilia haki yake kwa hiari. Mzabuni anaiachilia haki ya kudai fidia yoyote malipo yakichelewa. Mstari wa chini yake: mzabuni atakayeacha kuleta mzigo kabla ya miezi sita, kampuni inaweza kuzuia fedha zake zote mpaka apatikane mwingine. Alisoma aya nzima mwanzo hadi mwisho na hakuuliza neno hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

Suzana alitaka kumpongeza. Kisha akamwangalia usoni akaacha.

"Nilimwambia ni kama zamani," Agapiti alisema.

Nje vibarua walikuwa wanashusha soda. Hatimaye Suzana, ambaye hakuwa na roho mbaya hata kidogo, alisema alichoona kina akili. Alisema akienda kwa Eustace sasa hivi, atakuwa anakiri kwamba aliwasainisha watu kitu asichokisoma, na hapo hata huo mtihani hataukaribia. Akimwambia yule mama, yule mama atakuja juu, na habari zitafika kwa Eustace kabla ya jioni. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili na nusu. Aufanye kwanza, afaulu, awe na mahali pa kusimama ndipo aseme.

Agapiti alilikubali shauri lile. Baadaye, alipojaribu kumwekea lawama Suzana, hakuweza, maana wazo hilohilo lilikuwa limeshakaa moyoni mwake kabla Suzana hajafungua mdomo.

Jumanne Mwanaima alipiga simu. Alisema fedha za kikoba chake zimeisha kwenye barafu na mafuta, na kuna mtu mmoja yuko tayari kumkopesha, ila anataka mashine ya mtumbwi iwe dhamana, mwezi mmoja tu. Akauliza: malipo yako njiani kweli, ili akikopa aweze kulipa ndani ya mwezi huo? Mpaka siku hiyo Agapiti alikuwa akimjibu kwa kutojua. Safari hii alijua, mpaka ukurasa, mpaka mstari.

"Bado kidogo tu, mama," alisema. "Yako njiani."

Mtihani ulifanyika kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja pale mjini. Watu kumi na wanne, kila mmoja na vifaa vya kusikilizia masikioni. Sehemu ya malipo ilikuja ya pili, na Agapiti aliona kila swali kama jirani aliyemzoea. Nani anamdai nani, nani amechelewa, nani amesamehewa, alijaza haraka kuliko hata vijana wa uhasibu. Kisha ikaja sehemu ya kusikiliza. Sauti ya mwanamke ikaanza kuongea upesi, ikimeza miisho ya maneno, kuhusu safari ya ndege na hoteli na mkutano uliohamishwa siku. Agapiti alibonyeza kile kifaa kwenye sikio kama anayezuia jeraha lisitoke damu. Sauti haikurudia. Alipoinua macho swali la nane lilikuwa limepita, na yeye alikuwa bado kwenye la tatu.

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Suzana themanini na moja. Agapiti hamsini na tatu. Kwenye sehemu ya malipo alipata ishirini na tatu kati ya ishirini na tano, hakuna aliyemzidi, na Eustace alimweleza hilo kwa upole wa kweli, kama daktari anayekwambia moyo wako ni mzima ila figo zimekufa. Kazi ilikuwa inaishia tarehe thelathini. Stoo angemkabidhi Suzana.

Hakwenda nyumbani. Alipanda pikipiki mpaka Nkome.

Mwanaima alikuwa amekaa nje ya banda lake la samaki, na kontena la barafu lilikuwa wazi, tupu, limegeuzwa likauke. Agapiti alimwamkia, akakaribishwa kigoda, na kwa kuwa alijua akisubiri hataweza, alisema yote hapohapo. Siku tisini. Haki iliyoachiliwa. Fedha kuzuiwa akikoma. Alisema kwamba siku ile hakuwa ameisoma, na kwamba alipokuja kuisoma alinyamaza.

Mwanaima alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Uliisoma lini?"

"Jumamosi. Ile kabla hujanipigia."

"Kabla ya Jumanne."

"Kabla ya Jumanne, mama."

Mwanaima akatazama ziwani. Mtumbwi wake ulikuwa umevutwa mchangani, na pale nyuma ambapo mashine hukaa palikuwa na alama mbili za skrubu tu. Mwezi wa mkopo ulikuwa haujaisha, lakini mkopeshaji alisikia kwamba kampuni hailipi, akaja na vijana wake wakaing'oa.

"Karatasi nilisaini mwenyewe," alisema. "Wageni siwajui, nao hawanijui. Hilo ningelimeza. Lakini Jumanne nilikuuliza wewe, Agapiti."

Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Miaka yote alikuwa baba Noela. Alinyanyuka akaingia bandani, na Agapiti akakaa pale kwenye kigoda muda mrefu, akingoja kufokewa, mpaka akaelewa kwamba hatafokewa.

Jumapili baada ya misa alifanya alichoweza. Alikaa mezani akaandika barua kwa Kiingereza kwenda kwa kampuni, kwa niaba ya wazabuni watatu, na hakumwomba Suzana hata neno moja. Alieleza kwamba watu hawa hawasomi lugha ya mkataba, kwamba aliyewasainisha hakuwaeleza ukweli, na kwamba aliyewasainisha ni yeye. Aliomba malipo yaliyosalia yatolewe mapema. Kila neno la sura ya saba lilikuwa mahali pake. Anisia aliketi karibu naye, hakuimba, akamletea uji, akamtazama akiandika upya mara tatu.

Jibu lilikuja Alhamisi, mstari mmoja: suala lake limezingatiwa. Alilijua kila neno mle ndani, lakini alimpelekea Suzana kuhakikisha, labda kuna maana iliyompita.

"Hakuna," Suzana alisema kwa sauti ndogo. "Wanasema wameisoma. Basi."

Tarehe thelathini alikabidhi funguo. Suzana alilia, na Agapiti akamwambia asilie, kazi ni kazi. Kwa wiki kadhaa binti yule alikuwa akimpigia simu kuuliza hili na lile, dereva yupi mwongo, mzani upi umelegea, na Agapiti alimjibu. Halafu simu zikapungua, maana alikuwa mwepesi wa kujifunza. Bujiku aliuza ng'ombe wawili akavuka. Paskazia aliacha kuleta mboga, na fedha zake zikazuiwa kama ukurasa wa saba ulivyosema. Malipo ya kwanza ya Mwanaima, aliyejikongoja kuleta samaki kwa mtumbwi wa kukodi mpaka hapo, yalitoka mwezi wa sita, yakiwa na makato ya uzito uliopungua kwenye barafu. Suzana ndiye aliyemwambia, kwa kudhani ni habari njema.

Agapiti wakati huo alikuwa amepata kibarua kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Nyarugusu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu viroba vya mawe vinavyoingia na kuangalia visichanganywe. Vumbi lilimkalia kwenye nyusi. Hakuna aliyeongea Kiingereza. Alilipwa kila jioni, mkononi.

Kiinua mgongo chake kilipotoka, ingawa kilikuwa kidogo, alichukua zaidi ya nusu akaifunga kwenye bahasha, akaenda Nkome. Anisia alijua, na hakumzuia. Haikutosha kununua mashine. Ingetosha labda riba.

Banda la Mwanaima lilikuwa limepangishwa kwa mtu mwingine. Aliyempokea ni Maduhu, mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, aliyekuwa akishona nyavu kivulini mwa ukuta. Alimsalimia kwa adabu, akampa maji. Mama alikuwa kisiwani, alisema, anaanika dagaa wa mtu kwa malipo ya siku. Anarudi akirudi.

Agapiti akatoa bahasha, akasema ampelekee. Maduhu hakuishika. Aliendelea na uzi wake mpaka akafunga fundo, akakata kwa meno.

"Alisema ukija nikwambie hana ugomvi na wewe," alisema. "Anakuombea heri. Ila alisema usimtafute tena."

"Na hii?"

"Hii alisema pia. Alisema ukija nayo, urudi nayo."

Agapiti alijaribu kuiacha juu ya jiwe, na Maduhu, bila hasira, akanyanyuka akairudisha kwenye mfuko wa shati lake, akaufunga kwa kifungo. Waliagana kwa mikono miwili.

Alirudi Geita na bahasha ileile. Kwa siku tatu ilikaa chini ya kitambaa cha meza, kana kwamba kuna mtu angeifuata. Siku ya nne Anisia akaitoa taratibu akalipa ada ya muhula wa Noela, na kilichobaki kikaenda kwenye kodi. Jumatatu Agapiti akaamka mapema, akafunga kitambaa puani, akaenda kwenye karasha.